Pascaline, Mkunga Aliyepiga Magoti

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na saba Aprili, mwaka huu wa elfu mbili na kumi na tatu, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Jua la Kakuma lilikuwa kali. Mbingu zilikuwa tupu. Hakukuwa na wingu hata la kufunika kiganja. Katika saa hiyo kavu, Mto Tarach ulishuka na maji ya mvua iliyonyesha mbali, milimani, ukamchukua mkunga Pascaline.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja katika saa hii ya kumbukumbu. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja. Jina lake Pascaline. Kazi yake ukunga. Kwao Uvira, nchini Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Katika hayo matatu, tunaomba mlishike la pili kwa mikono miwili. Kazi yake ilikuwa ukunga. Hakuja kwetu kukimbia. Alikuja kufanya kazi. Tutalirudia jambo hilo, kwa sababu wako watu wazima, wenye suti za Jumapili na Biblia za zipu, waliojitahidi sana lisisikike.

Alikuja Machi mwaka jana. Kituo kimoja cha uzazi mjini Lodwar, cha kimisheni, kilikuwa kimekosa mkunga kwa muda mrefu. Wauguzi walioletwa kutoka bara walionja joto la Lodwar, wakaomba uhamisho kabla hata ya kununua godoro. Padri mmoja aliyewahi kuhudumu Uvira akamkumbuka mkunga wa huko ambaye akina mama walikuwa wakimfuata hadi sokoni kumwonyesha watoto aliowapokea. Akamwita. Pascaline akamgeukia mumewe, Anatole, mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari.

Anatole anaikumbuka jioni hiyo vizuri. Anatusimulia kwa Kiswahili chake cha Uvira, nasi hatutakinyoosha, kwa maana kimenyooka vya kutosha.

“Aliniuliza: ‘Anatole, utanifwata?’ Nikamwambia: ‘Bibi yangu, mie niko mwalimu wa hesabu. Batu bananihitaji mara moja kwa juma. Weye banakuhitaji hata usipojua. Twende.’”

Wakaenda. Baba, mama, na watoto wawili: Hardy, kifungua mimba, na mdogo wake Daniella. Walipita Bujumbura, wakavuka Tanzania, wakafika Nairobi, wakapanda basi la Kitale, na kutoka Kitale wakaingia barabara ya Lodwar, ambayo kuiita barabara ni ukarimu. Daniella alitapika njia nzima. Walipoteremka Lodwar, Pascaline alimwosha mtoto uso kwa maji ya chupa, akajifunga kitenge kisafi, akaenda kujitambulisha.

Sasa sikilizeni alivyopokelewa. Katika ofisi moja ya mji huu, ambayo hatutaitaja, karani alisikia lafudhi yake tu, akanyoosha kalamu kuelekea kaskazini.

“Wakongo ni Kakuma,” alisema. “Pandeni gari mwende mkapigwe picha. Huku hatugawi unga.”

“Bwana, miye sikukimbia vita,” Pascaline alimjibu. “Nilikuya kutumika. Niko mukunga. Kibali ni hiki.”

“Mama, kila mtu huja na hadithi yake.”

Mwaka ule vita vilikuwa vikiwaka Kivu Kaskazini, na katika vichwa vya watu wetu wengi, Mkongo alikuwa na umbo moja tu: mtu mwenye mzigo kichwani na mkono ulionyooshwa. Kibali kilikuwa mezani. Hakikusomwa. Ilibidi padri aje mwenyewe, avue kofia, ndipo macho ya karani yakaweza kusoma.

Hapa tuweke jambo moja sawa. Pascaline hakuona ukimbizi kuwa tusi. Alikuwa na jamaa waliokimbia. Anatole alipomuuliza usiku ule kwa nini lilimchoma hivyo, alimjibu hivi: “Mukimbizi ni muntu kama miye. Lakini yeye alifukuzwa, miye nilichagua. Kama bananinyanganya kuchagua kwangu, nimebakia na nini?” Hilo ndilo alilokuja nalo, wasikilizaji wapendwa. Uchaguzi wake na kazi yake. Hilo ndilo alilolilinda hadi maji yalipomfika.

Maisha yakaanza. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, ya mabati, karibu na barabara kuu. Anatole hakupata shule. Alikaa nyumbani, akapika, akafua, akawafundisha watoto hesabu kwa mkaa ukutani. Wanaume wa kibanda cha kinyozi hawakumwacha apite salama.

“Ejok, bwana wa mkunga!” walimwamkia. “Leo umetupikia nini?”

“Samaki wa Kalokol. Karibuni.”

“Na mkunga amekuachia pesa ya chumvi?”

“Ameniachia. Weye ulioa mupishi, mie nilioa mukunga. Kila muntu na bahati yake. Siku bibi yako atashikwa na uchungu, utakuya kuniomba nimuamushe wangu.”

Walicheka sana. Hata aliyetaniwa alicheka. Wengi wao walikuja kweli, mmoja mmoja, vichwa vimeinama, kugonga mlango wa Anatole.

Lakini kituoni hali ilikuwa tofauti. Wenyeji, akina mama wa Kiturkana wa vijiji vya kando ya mji, hawakuwa wakija kujifungua. Walikuja kupimwa, wakachukua chandarua, wakarudi kuzalia kwao. Kamati ya kituo ilikuwa imekwisha kutoa hukumu: ni ushamba. Pascaline hakutoa hukumu. Alingoja aone.

Siku yenyewe ilikuja mwezi wa Mei. Bibi mmoja, aitwaye Mama Ekiru, alimleta binti yake, uchungu umekaza. Binti alipandishwa kitandani. Kila uchungu ulipomjia, alishuka chini. Muuguzi, mwenzake Pascaline, kwa jina Makena, akampandisha tena. Akashuka tena. Kelele zikapanda. Mwishowe Mama Ekiru akasimama katikati ya chumba, shanga zake zikilia.

“Huyu hapana kufa!” alisema. “Kwa nini mnalaza yeye kama maiti? Mtoto inashuka chini. Haipandi juu!”

Makena alitaka kumtoa nje. Pascaline akamzuia.

“Nionyeshe, mama,” alisema.

Mama Ekiru akamwonyesha. Binti alipiga magoti sakafuni. Bibi akakaa nyuma yake, akamshika kiunoni, akamkaza mgongo kifuani pake. Binti alitaka kitu cha kushika mbele, hakikuwapo. Akaushika mguu wa kitanda kile kile alichokikataa. Naye Pascaline akapiga magoti mbele yake, glavu mkononi, akampokea mtoto kutokea hapo chini. Mama salama. Mtoto salama.

Jioni ile alimwambia Anatole amtafutie kamba ya katani, nene, isiyochubua. Anatole alipanda ngazi, akaifunga kwenye boriti ya chumba cha kujifungulia. Ngozi ya ng'ombe ikatandikwa chini, juu yake shuka lililochemshwa. Glavu zilikuwapo, dawa ilikuwapo, mikasi ilichemshwa kama kawaida. Kilichobadilika ni kimoja tu: mwanamke aliyetaka kulala alilala, na aliyetaka kupiga magoti alipiga magoti, na mkunga akamfuata huko huko.

“Mimi nilipinga mwanzoni,” Makena alituambia. “Nilisomeshwa kitanda. Mama Daniella, ndivyo tulivyomwita Pascaline, akaniambia, ‘Dada, tuko hapa kwa ajili ya kitanda ao kwa ajili ya mama?’ Nikapiga magoti.”

Habari ikatembea kutoka boma hadi boma. Akina mama wakaja. Walikuja na mama zao na shangazi zao, walikuja kwa miguu, walikuja juu ya pikipiki watatu watatu. Pascaline aliota sugu magotini. Hardy akawa akimtania: “Mama, unasali sana kuliko padri.”

Wasikilizaji wapendwa, mpaka hapo hadithi hii ingekuwa ya furaha. Inaanza kunuka sasa.

Mwenyekiti wa kamati ya kituo kile ni mfanyabiashara, kwa jina Elijah Wasike. Ni mzee wa kanisa. Ana duka la jumla la saruji na vyakula. Alikuja Turkana akitokea kwao magharibi akiwa na begi moja, na nchi hii kavu ikamlea ikamnenepesha. Mtu kama huyo ungetaraji aijue ladha ya ugeni. Hapana. Alikuwa wa kwanza kumwita Pascaline mkimbizi, na alilitamka neno hilo kama mtu atemaye mbegu.

Oktoba mwaka jana, mkewe, Bilha, alishikwa na uchungu. Haya tunayoyasimulia sasa Anatole hakuyajua wakati ule. Tumeyapata kwa Bilha mwenyewe, kwa ridhaa yake.

Bilha alilazwa kitandani, kama hadhi yake ilivyotaka. Akasukuma mpaka nguvu zikamwisha. Mtoto hakuja. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa limetafutwa na halijapatikana. Akaiona kamba.

“Nilimwambia, ‘Mama Daniella, nishushe,’” Bilha anasema. “Aliniuliza mara mbili, ‘Unataka weye mwenyewe?’ Nikamwambia nataka. Nikapiga magoti kwenye ngozi ile, nikashika kamba ile. Alikuwa mbele yangu, paji lake la uso limegusa langu. Akaniambia, ‘Mutoto anakuya, mama. Usimuogope.’ Akaja.”

Mtoto wa kiume. Mama salama, mtoto salama. Naye Mzee Wasike, aliyekuwa akizunguka nje, akasukuma mlango kabla ya kuruhusiwa. Alichokiona hakikuwa mwanawe. Alichokiona ni mkewe juu ya ngozi.

“Mke wa mzee wa kanisa?” alisema. “Sakafuni, kama hawa?”

Kama hawa. Alisema hivyo mbele ya Mama Ekiru, ambaye siku hizo alikuwa akija kumsaidia mkunga, na aliyekuwa ameushika mgongo wa Bilha muda wote ule. Kisha akamgeukia mkunga: “Hili lisitoke katika chumba hiki.”

“Mulango wa kuzalia hausemi, mzee,” Pascaline alimjibu. Alikuwa ameapa hivyo tangu Uvira. Kinachotokea katika chumba cha kujifungulia ni cha mama. Mkunga hakitoi. Hakumwambia hata Anatole.

Mwezi uliofuata wafadhili wakaarifu kwamba watazuru. Hao ndio waliokuwa wamekiletea kituo vitanda viwili vipya vya kuzalishia, vya chuma king'aavyo, vyenye kibao cha majina yao. Vitanda vilikuwa pembeni, plastiki ingali juu yake. Katikati ya chumba kulikuwa na kamba na ngozi. Mzee Wasike aliitazama picha hiyo kwa macho ya wageni, akaona aibu. Hakuona idadi ya akina mama waliokuwa wakija. Aliona plastiki.

Aliita kikao cha kamati. Ukumbini watu walijaa. Nje, dirishani, alisimama Anatole na Daniella begani.

“Kituo hiki ni cha heshima,” mwenyekiti alianza. “Tumepewa vitanda vya kisasa. Lakini yuko mkimbizi mmoja, ambaye elimu yake hatuijui, anazalisha wanawake wetu sakafuni kama mbuzi. Anawafanyia majaribio. Wafadhili wakiona, watasema nini?”

“Kama mbuzi!” mjumbe mmoja akaitikia, akacheka.

Padri alikuwa amehamishwa miezi miwili nyuma. Makena aliinua mkono. Akaambiwa watumishi watasikilizwa baadaye. Baadaye hiyo haijafika mpaka leo.

Pascaline alisimama. “Elimu yangu munaijua,” alisema. “Munaijua tangu siku ya kwanza. Na batoto baliozaliwa hapa baulizwe. Bamama baulizwe. Nani ameumia?”

“Taja mwanamke mmoja wa maana aliyekubali kuzaa hivyo,” akasema mwenyekiti. “Si hawa wa maboma. Mwanamke wa maana. Taja.”

Wasikilizaji wapendwa, fikirini dakika hiyo. Alimtaka amtaje Bilha, akijua hatamtaja. Alijificha nyuma ya kiapo cha mwanamke kama mtoto ajifichaye nyuma ya khanga ya mamake. Pascaline alimtazama. Anatole, pale dirishani, aliuona mtazamo huo, hakuuelewa. Mzee Wasike alitoa simu mfukoni, akaanza kuisoma.

Kinyaa ni neno zito kulitamka redioni wakati wa msiba. Tumelipima. Ndilo.

Pascaline akaketi. Kamati ikapiga kura. Kamba ikakatwa siku ileile na kijana wa dukani kwa mwenyekiti, ngozi ikatupwa nyuma ya jiko, mkunga akaambiwa mkataba umekwisha. Na ili watu wasiulize sana, likaenezwa neno mjini: yule hakuwa mkunga, alikuwa mkimbizi tu aliyejipenyeza. Wale waliokuwa wakigonga mlango wa Anatole wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Pale kwa kinyozi hakutaniwa tena. Anatole anasema huo ukimya ulimuuma kuliko utani wote.

Kabla ya kuondoka, Pascaline alikwenda dukani kwa Mzee Wasike. Anatole alimngoja mlangoni, akasikia.

“Sikukuya kuomba kazi, mzee. Ninakudai neno moja. Weye unalijua. Miye sina ruhusa ya kulisema, weye unayo. Liseme mbele ya batu, jina langu litengenee. Halafu hatutaonana tena.”

“Mama, kuna wateja,” alijibiwa. “Sogea.”

Njiani Anatole alimuuliza, “Ni neno gani hilo?”

“Si langu kukuambia,” alisema.

Wakahamia Kakuma. Si kambini, tunarudia, si kambini. Zahanati ndogo upande wa wenyeji ilimpokea. Ni ajabu na ni aibu kwamba mahali alipotumwa kwa dharau siku ya kwanza ndipo palipomheshimu. Huko nyuma, katika kituo cha Lodwar, akina mama wa maboma waliacha kuja. Vitanda vipya vilipata nafasi, lakini havikupata wa kuvilalia. Wafadhili walikuja, wakapiga picha, wakaondoka.

Huko Kakuma, Pascaline alifanya kazi kama awali. Wakimbizi walimjia, wenyeji walimjia. Lakini neno la Lodwar lilikuwa limemtangulia. Msimamizi wa zahanati, kwa hofu ya kamati yake mwenyewe, alimwomba asifunge kamba ndani ya zahanati: “Nje fanya unavyojua, mama. Humu ndani, kitanda.” Kwa hiyo akina mama wa ng'ambo ya Tarach hawakuja zahanatini. Mkunga akawafuata. Ndiyo sababu, Jumatano ile, alikuwa mtoni. Tusidanganyane kwamba alikuwa akipita tu.

Ekai, mwendesha pikipiki aliyembeba, yuko hai. Anaongea kwa shida.

“Huyo laga, huyo mto, ilikuwa kavu kabisa. Mchanga tu. Pikipiki ikazama katikati, tukashuka kusukuma. Mimi nikasikia kitu inanguruma. Nikasema, mama, hiyo ni maji, turudi! Yeye akasema, ‘Ng'ambo ni karibu, na kule kuna mama.’ Tukakimbia. Mimi nilishika mzizi ya mti. Nikanyoosha mkono. Yeye alikuwa hapa.” Anaonyesha umbali wa mikono miwili. “Hapa tu.”

Walimpata asubuhi, chini zaidi, mahali mto unapopinda. Ng'ambo, mwanamke yule alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mama mkwe wake akimshika mgongo.

“Batu banasema mto ulimuua,” Anatole anatuambia. “Mto hauna akili, siwezi kuukasirikia. Nani alimufukuza kwenye chumba kikavu, akamutuma mtoni? Muniambie huyo.”

Mazishi yalifanyika Jumamosi, tarehe ishirini na saba Aprili. Wazee wa Kiturkana wa Kakuma walitoa ardhi nyuma ya zahanati, penye kivuli. Mama Ekiru alisafiri kutoka Lodwar. Makena alikuja na sare yake ya kazi. Waimbaji Wakongo walitoka kambini na ngoma zao.

Katikati ya wimbo ikaingia pikapu. Juu yake fahali mmoja, magunia ya mchele na sukari. Mzee Elijah Wasike aliteremka, miwani ya jua usoni, akasalimia mkono mmoja mmoja kama mgombea. Akaomba kipaza sauti. Msibani mtu hanyimwi.

“Nimekuja kwa niaba ya watu wa Lodwar,” alisema, “kumsindikiza dada yetu mkimbizi, ambaye kwa elimu yake ndogo alijitahidi…”

Anatole akasimama. Ni mtu mwembamba, mpole, ambaye hatujapata kumsikia akipaza sauti. Hakuipaza hata siku hiyo.

“Mzee,” alisema, “usishushe ng'ombe.”

Kijana aliyekuwa akimfungua fahali akaacha.

“Bibi yangu alikudai neno. Alikufa bila kuniambia ni neno gani. Mie silijui. Weye unalijua. Liseme hapa, mbele yake, halafu ng'ombe wako nitampokea, na mukono wako nitaushika. Usiposema, beba vitu vyako.”

“Bwana Anatole, una uchungu. Haya si mambo ya msibani.”

“Ni ya wapi?”

“Sina neno linalodaiwa na mtu,” alisema Mzee Wasike.

Hapo mlango wa pikapu ukafunguliwa. Bilha alishuka, mtoto mgongoni. Alipita katikati ya watu. Mumewe alimshika kiwiko. Bilha akautazama mkono ule mpaka ukaachia.

“Mimi ni Bilha,” alisema kwenye kipaza sauti. “Mke wa mwenyekiti. Oktoba nilizaa huyu mtoto. Nilizaa nimepiga magoti, nimeshika kamba, juu ya ngozi. Niliomba mwenyewe. Kitanda kilinishinda. Huyu mama alinishika, na huyu bibi pale alinishika mgongo. Mume wangu aliona kwa macho yake. Siku ya kikao aliuliza nani mwanamke wa maana, na Mama Daniella akanyamaza kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa nyumbani, nikasikia, na mimi nikanyamaza. Huyu alikuwa mkunga. Hakutudhuru. Ni sisi tuliomdhuru.”

Mama Ekiru alipiga kigelegele. Katika mazishi! Hakuna aliyemkemea. Makena alilia waziwazi. Anatole alimwendea Bilha, akainama, akaushika mguu mdogo wa mtoto aliyekuwa mgongoni, akaushikilia kwa muda.

Na Mzee Wasike? Wasikilizaji wapendwa, tungependa kuwaambia kwamba alilia. Aliingia kwenye pikapu yake, akawasha injini. Fahali aliletwa kama rambirambi. Fahali akarudi Lodwar. Magunia yakarudi Lodwar. Mkewe aliachwa makaburini na mtoto wake, akarejea siku ya pili ndani ya lori la mkaa, pamoja na Mama Ekiru.

Tumesomeshwa, wengi wetu, katika shule zilizotuamsha alfajiri kutufundisha kwamba mtu akikosa husimama mbele ya wenzake akasema, “Ni mimi.” Hilo ni somo la kwanza la uungwana, na halihitaji shahada. Aibu si kupiga magoti sakafuni. Aibu ni kusimama wima ukumbini huku unajua ukweli, ukajifanya unasoma simu yako. Kila mmoja wetu aliyeitikia “kama mbuzi,” kila aliyecheka, kila aliyehamia upande wa pili wa barabara, na ajitafakari leo kabla ya kulala. Ajiulize pia ni nani aliyemshika mgongo mamake siku alipozaliwa yeye, na alitoka kabila gani.

Kwa Bwana Anatole, kwa Hardy na Daniella, kwa ndugu na jamaa walioko Uvira, tunatoa pole kutoka vilindi vya mioyo yetu. Mama yenu alikuja kwetu kwa hiari yake, kufanya kazi anayoijua. Aliifanya. Alikuwa mkunga. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema.

Limesalia jambo moja. Jumatatu wiki hii, studio hii ilipokea salamu za rambirambi kutoka kwa Mzee Elijah Wasike na familia, pamoja na ombi kwamba zisomwe mwishoni mwa kipindi hiki. Tulimpelekea Bwana Anatole salamu hizo tumuulize kama zisomwe. Alizisikiliza hadi mwisho, akauliza kama lile neno limo ndani yake. Tukamwambia halimo.

“Bilha alilipa lake,” alisema. “La huyu bado.”

Hatuzisomi.